Sura ya Tisa: Mahari Iliyokwama Darajani

Kama kuna mwanamke mwingine hapa duniani aliyewahi kuirudisha mahari yake kwa mkono wake mwenyewe, na muhuri juu, naomba anitafute. Tukae, tunywe chai, tulie pamoja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, na joto la Kazungula halikusubiri hata watu wamalize kupiga mswaki. Mimi, Bonolo, ni daktari wa mifugo wa serikali ya Botswana, lakini meza yangu iko ng'ambo ya pili ya Zambezi, upande wa Zambia, maana tangu daraja lifunguliwe maafisa wa nchi zote mbili tunakaa chumba kimoja. Meza iliyogusana na yangu ni ya Namoonga, daktari mwenzangu wa Zambia, Mtonga wa Choma, mama wa watoto wanne na mdomo usiojua likizo.

Siku hiyo sikupaswa kuonekana na mtu. Kwetu binti hakai kwenye kikao cha mahari yake, hata kuchungulia dirishani ni aibu. Wakwe walikuwa wanakuja nyumbani Lesoma asubuhi ile. Nikaona badala ya kujifungia chumbani nikitafuna kucha, bora nibadilishane zamu nije kazini, nikae mbali kabisa na mambo yangu. Kumbe nilikuwa najipeleka mwenyewe.

Tatizo lilianzia kwa mjomba Oteng. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho mpwa wake akiolewa, na mjomba wangu analipenda hilo neno la mwisho kuliko chakula. Aliposikia nimempata Muyunda, Mlozi wa Mwandi, wakala wa forodha, alinikazia macho weee.

"Mzambia?" alisema. "Botswana nzima hii umekosa hata mmoja mwenye meno?"

"Mjomba, nampenda."

"Sijakuuliza hilo."

Mwisho alikubali, ila kwa sharti. Ng'ombe wanane. Si pesa, si hundi, si simu. Ng'ombe wenye miguu, waliozaliwa kwenye zizi la ukoo wa huyo kijana, wafike asubuhi kabla jua halijawa kali. Kisha pembeni akamnong'oneza mama yangu, "Wala usihangaike, dada. Wale ni watu wa mtoni, wana samaki tu." Mjomba alikuwa hajawahi kufika kwa Walozi, ambako mtu anapata ng'ombe kabla hajapata viatu.

Nilipomweleza Muyunda lile sharti, alicheka, ule mwanya wake ukaonekana, akanishika mkono.

"Mpenzi wangu, kazi yangu ni kuvusha vitu mpakani. Hili niachie mimi."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, kwa sababu Muyunda akikushika mkono akili inakwenda matembezini.

Basi ile Jumamosi, saa mbili hivi, Namoonga akiwa na kitumbua mdomoni alichungulia dirishani.

"Bonolo, njoo uone vituko. Kuna mtu kavaa suti na tai anaendesha lori la ng'ombe."

"Madereva wa siku hizi," nikasema, niko na makaratasi yangu.

"Na suti yenyewe imemkubali. Ngoja kwanza. Mama yangu! Si yule wako?"

Kalamu ikanidondoka. Nilisimama, nikatazama. Alikuwa Muyunda wangu, jasho linamtiririka shingoni, mzuri kiasi cha kukera. Pembeni yake alikaa mzee mmoja na kofia nyekundu ya Kilozi, kanyooka utadhani lori ni lake na barabara ni yake. Nyuma yao, kati ya mbao, nikaona pembe. Nikazihesabu. Jozi nane.

Muyunda aliposhuka na kuniona dirishani, alisimama ghafla.

"Bonolo! Unafanya nini hapa? Si leo unatakiwa uwe ndani?"

"Na wewe je? Tangu lini bwana harusi akafuatana na mahari?"

"Mimi leo ni dereva tu. Dereva wetu ameamka na malaria, na baba mkubwa akaapa ng'ombe hawalali tena zizini." Kisha akachangamka, akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa faili la kijani. "Lakini afadhali uko hapa. Tazama kazi ya mumeo mtarajiwa. Tazama!"

Namoonga alilipokea faili kabla yangu, akafuta vidole kwenye sketi na kuanza kusoma kwa sauti.

"Cheti cha uasili wa bidhaa. Nchi mwanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Mpeleka mzigo: ukoo wa Mzee Sitali, Mwandi. Mpokeaji: Mzee Oteng, Lesoma. Bidhaa: ng'ombe hai, wanane. Madhumuni ya kuingiza..." Akasita. "Hapa umeandika kuchinja, ukakata. Ukaandika kuzaliana, ukakata. Ukaandika nini hapa?"

"Kuoa," alisema Muyunda.

Namoonga alicheka mpaka kitumbua kikampalia.

"Fomu haikuwa na kisanduku chake," Muyunda akajitetea. "Lakini cheki huku chini, Bonolo. Ushuru: hakuna! Ng'ombe asilia mia kwa mia, kazaliwa Mwandi, kala nyasi za Mwandi, mama yake wa Mwandi. Kwa mkataba wa biashara huria anavuka bila kulipa hata senti. Wiki tatu nimeshughulikia hili. Nilitaka nikushtukize."

Alikuwa ananitazama kwa furaha mno. Nilitamani ardhi ipasuke, siyo ili inimeze mimi, ila ilimeze lile faili.

"Muyunda," nikasema taratibu.

"Naam, mpenzi."

"Kibali cha kuingiza mifugo kiko wapi? Cha daktari wa Botswana?"

Alitazama faili. Akageuza karatasi, akageuza tena. Akanitazama.

"Si ndiyo wewe daktari?"

Namoonga akaweka kitumbua chini.

Nyie wasomaji wangu, hilo ndilo kosa la wakala wa forodha. Mtu kakaa miaka minane akivusha saruji, mbolea na vigae, kichwani mwake kila kitu ni ushuru. Akishaona hakuna ushuru, basi anaona njia ni nyeupe. Hakukumbuka kwamba ng'ombe siyo kigae. Mwenye kwato za kupasuka haruhusiwi kuvuka mto ule kuingia kwetu, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Hata awe mmoja, hata awe ndama, hata awe wa mahari.

"Hawawezi kuvuka," nikamwambia.

"Leo?"

"Leo, kesho, hata mwakani."

Yule mzee mwenye kofia nyekundu alikuwa ameshuka na kusogea. Alikuwa Mzee Sitali mwenyewe, baba mkubwa wa Muyunda, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Picha yangu alikuwa nayo, iko ukutani kwake. Aliniangalia usoni, akanitambua, na hapohapo akageuza macho kuangalia ukuta.

"Simwoni mtu hapa," alisema kwa heshima kubwa. "Kikao cha mahari, binti haonekani. Mimi namwona afisa tu."

"Na mimi namwona Mlozi," Namoonga akadakia. "Siku yangu imeshaharibika."

"Huyu Mtonga katoka wapi?" Mzee alisema bila kugeuka. "Nilisikia harufu ya ng'ombe wa wizi." Watonga na Walozi ni watani, wakikutana lazima wachubuane kidogo.

Nikajikaza kisabuni, nikazungumza kiafisa. "Mzee, samahani sana. Mzigo huu haukubaliki. Naandika fomu ya kuurudisha, mwondoke leo hii kwenda Mwandi."

Mzee aliposema tena, utani ulikuwa umekwisha.

"Afisa, nakuomba unisikilize. Kwetu ng'ombe akishatoka zizini kwenda kuoa, harudi. Akirudi, maana yake tumekataliwa. Na mlango tuliokataliwa hatupigi hodi mara ya pili. Nimesema hayo ukuta usikie." Akaenda kukaa kwenye benchi la kivulini, mgongo wima.

Muyunda alinifuata nyuma ya ofisi, kwenye tangi la maji. Huko kila mtu hujifanya haoni.

"Bonolo, ni muhuri mmoja tu. Mmoja. Ng'ombe wenyewe wazima, wamechanjwa, wamenona."

"Nikiwa darasa la nne," nikamwambia, "ugonjwa ule uliingia kijijini kwa shangazi yangu. Ng'ombe wote walipigwa risasi, wagonjwa na wazima. Shangazi alikaa mlangoni siku tatu hasemi na mtu. Unadhani nilisomea hii kazi kwa kupenda harufu?"

"Kwa hiyo unanikataa."

"Nakataa ng'ombe!"

"Leo ng'ombe ndiyo mimi, Bonolo. Umemsikia mzee. Wakirudi, mimi na wewe tumekwisha." Sauti yake ilikatika. Alilegeza tai, akaitoa kabisa, akaikunja vibaya mfukoni. "Afisa, unamfahamu msichana mmoja wa Lesoma anaitwa Bonolo?"

"Namfahamu kidogo."

"Akisikia mahari yake imerudishwa, atafanyaje?"

"Atalia."

"Na wewe, afisa?"

"Mimi niko kazini," nikasema. Nikaingia stoo ya chanjo, nikafunga mlango, nikalia mpaka kola ikalowa. Nilimpenda yule mjinga na faili lake la kijani. Wiki tatu mwanamume anajaza fomu usiku na mchana ili akuoe, na wewe unamjibu kwa fomu nyingine. Kama huo si ukatili, sijui ni nini.

Nilipotoka, macho mekundu, nilikuta mambo yamezidi kuharibika. Mjomba Oteng alikuwa amefika.

Alikuwa ameketi Lesoma tangu majogoo, ndani ya koti zito la kikao, maana kwetu mwanamume hazungumzi mahari bila koti. Jua likapanda, koti likachemka, wakwe hawaonekani. Mtu akampigia simu kwamba ng'ombe wamezuiwa darajani, ng'ambo. Akapata kibali cha siku moja, akavuka daraja kwa mara ya kwanza maishani mwake, na pikapu yake sasa ilikuwa imesimama hatua kumi kutoka benchi la Mzee Sitali. Hashuki.

"Mwambieni yule mzee," alipaza sauti kupitia dirisha la gari, "mimi sikuja kwake. Mwenye binti hafuati mwoaji. Mimi nimekuja kukagua daraja."

"Mwambieni yule mzee," Mzee Sitali naye akajibu hewani, "mimi sijamwona. Niko hapa napunga upepo."

Hapakuwa na upepo hata wa dawa. Namoonga alisimama katikati yao, mikono kiunoni.

"Haya, mabwana wakubwa. Mmoja anakagua daraja, mwingine anapunga upepo. Na ng'ombe wanane wananinyia uwanjani. Mjomba wa Lesoma, shuka utaivia humo."

"Nitashuka, lakini si kwa ajili ya mtu."

Akashuka. Akaniona dirishani, akashtuka, akapiga mahesabu, naye, kama Mzee Sitali, akaamua haoni binti.

"Habari ya kazi, afisa," alinisalimu mjomba wangu aliyenibeba mgongoni.

"Nzuri, mzee. Karibu Kazungula."

"Ni wewe uliyezuia mzigo?"

"Ni mimi."

Nilimwona anafurahi kidogo, pembeni mwa mdomo. Mtego wake ulikuwa umenasa, tena mimi ndiye niliyeufyatua. "Basi imekwisha hiyo," alisema kwa sauti ya msibani. "Tulisema ng'ombe wafike asubuhi. Hawakufika. Afisa amefanya kazi yake. Wakirudi kwao, na maneno yanarudi nao. Mpwa wangu atapata mwingine."

Muyunda, kule kwenye lori, alishika kichwa. Mimi nikashika muhuri.

Mjomba angeondoka pale, habari ingekuwa imeishia hapo. Ila alifanya kosa moja. Kabla ya kuondoka alipita karibu na lori ili awaone hao ng'ombe wa watu wa samaki.

Nyie, mjomba wangu ana udhaifu mmoja. Mbele ya pombe ni mchungaji, mbele ya wanawake ni ukuta, lakini mbele ya ng'ombe mzuri hana ujanja. Alisimama kwenye mbao. Akainama. Akazunguka upande wa pili. Akarudi. Dakika tano nzima anawakagua, koti linavuja jasho.

"Afisa," akaita. "Muulize mzee anayepunga upepo. Huyu mtamba mwenye baka jeupe mgongoni, mama yake ni yupi?"

Nikafungua mdomo nipeleke ujumbe, Mzee Sitali akajibu moja kwa moja. "Mama yake nimemwacha zizini. Anatoa maziwa ndoo mbili asubuhi."

"Ndoo mbili? Acha uongo, mzee!"

"Ndogo," Mzee akakiri. "Lakini zinajaa."

"Na wanakula wapi kiangazi? Kwetu huku sasa hivi ni vumbi tupu."

"Sisi mto unatuachia tambarare. Maji yakishuka tu, nyasi zinakufika kiunoni. Njoo uone."

Basi, kikao kikasahaulika. Nusu saa baadaye wale wazee wamesimama bega kwa bega, mmoja anafungua mdomo wa ng'ombe, mwingine anahesabu meno. Mjomba alikuwa amevua koti! Namoonga akanong'ona, "Hao sasa ndio bibi harusi na bwana harusi."

Lakini jua halikuwangojea. Mjomba alipoangalia saa, uso ukamshuka. Akampapasa yule mtamba shingoni kwa mara ya mwisho, na safari hii huzuni ilikuwa ya kweli.

"Mzee mwenzangu, ni ng'ombe wazuri sana. Inauma kuwaona wanarudi."

"Inauma," alisema Mzee Sitali. "Na mwanangu yule," akaelekeza kidevu kwa Muyunda, "sijui nitamrudishaje."

Muyunda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, suti imejaa vumbi, mikono imening'inia. Hakuwa ananilaumu. Angenilaumu ningepata nguvu ya kukasirika. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayeaga. Nikasema moyoni, Bonolo, sheria umeitii, sawa, lakini hakuna sheria inayokukataza kufikiri.

"Wazee," nikaita kupitia dirisha. Sauti ilikuwa ya kiafisa, ila moyo ulikuwa wa bibi harusi. "Naomba niseme neno moja la kitaalamu."

"Sema, afisa."

"Serikali imekataza ng'ombe kuvuka. Haijakataza ng'ombe kubadilisha mwenyewe."

Wakatazamana.

"Fafanua," akasema mjomba.

"Ng'ombe wanarudi Mwandi leo, hilo halina mjadala, fomu nimeshaiandika. Lakini wanarudi wakiwa wa nani, hiyo siyo kazi ya idara ya mifugo. Wanaweza wakarudi wakiwa wa mzee wa Lesoma. Halafu mzee wa Mwandi akawachunga."

Mzee Sitali alipiga paja lake. "Mafisa! Ng'ombe wa kutunziana!"

Mjomba akamgeukia haraka. "Na ninyi mnayo mafisa?"

"Tunayo? Nusu ya ng'ombe zizini kwangu ni wa watu. Wao wanabaki na ng'ombe wao, mimi nakunywa maziwa, na ndama mmoja mmoja napewa ahsante ya kuchunga."

"Hivyohivyo na kwetu! Babu yangu alikuwa na mafisa mpaka alikosa idadi!"

"Basi si mambo yaleyale?"

"Yaleyale kabisa!" Mjomba alisahau kuwa yeye ni mpinzani. Kisha akakumbuka, akakohoa, akatafuta koti lake. "Lakini nilisema wafike kwangu."

"Mjomba wa Lesoma," Namoonga akaingilia, "wewe uko wapi sasa hivi?"

"Hapa."

"Na ng'ombe?"

"Hapa."

"Basi wamekufikia. Hukusema wakukute ukiwa wapi. Au unataka Mlozi huyu arudi na mtamba mwenye baka, amwoze kwa Mtonga? Maana nina kaka yangu Choma, huyo mtamba atalala mlangoni kwake."

Mjomba alimtazama mtamba. Akatazama upande wa Lesoma, kwenye vumbi lake. Mimi nilikuwa nimeushika muhuri kwa mikono miwili, nikiomba kwa majina yote ya babu zangu.

"Nitakuwa nakuja kuwaangalia," alisema mwisho. "Kila mwezi. Msije mkaniambia mtamba wangu kaliwa na mamba."

"Utalala kwangu. Utakula samaki."

"Nilijua tu kuna samaki," akasema mjomba.

Namoonga akapiga kigelegele, nusu ya madereva kwenye foleni ya malori wakageuka. Lakini Mzee Sitali aliinua mkono.

"Bado. Katika ukoo wetu, ng'ombe hawapokelewi mpaka binti mwenyewe aulizwe. Asije akasema tulimuuza. Aitwe binti."

"Kwetu binti hakai kikaoni," mjomba akasema.

"Hatakaa. Atapiga magoti, ataulizwa, ataondoka."

Mjomba akakuna kidevu. "Yuko Lesoma?"

"Sijui," alisema Mzee, akiutazama ukuta wangu. "Labda afisa anaweza kumtafuta."

"Ngoja nimwangalie," nikasema.

Nikavua koti jeupe la kazi, nikalitundika kwenye kiti changu. Nikatokea mlango wa nyuma. Namoonga alikuwa ameshafungua mkoba wake, akanitupia kitenge mabegani, akanifunga kingine kichwani, akanifuta macho kwa kiganja kinachonuka mafuta ya vitumbua. "Tembea polepole, mwanangu," aliniambia. "Sasa hivi wewe hujawahi kutuona."

Nikazunguka ofisi, nikaja mbele yao, nikapiga magoti kwenye vumbi, macho chini.

"Huyu hapa," alisema mjomba, na sauti yake ilibadilika. Ilikuwa ile aliyokuwa akiniitia chakula nilipokuwa mdogo. "Mpwa wangu, umetoka wapi sijui, lakini karibu. Watu hawa wa Mwandi wameleta ng'ombe wanane. Sisi tumewaona, tumewapenda. Tuwapokee?"

"Wapokeeni, mjomba."

"Unamtaka huyo kijana?"

"Namtaka." Nikaogopa sikusikika. "Namtaka sana, mjomba."

Mzee Sitali akapiga makofi ya heshima, taratibu, kama wapigavyo kwao. Kisha akainama kidogo.

"Binti yangu, na mimi nina swali. Asubuhi hii tumekutana na afisa mmoja hapa dirishani. Mkali. Tumembembeleza, mwanangu kamwomba kwa machozi, kakataa kabisa. Wewe unamjua. Ni mtu wa namna gani?"

Nilijua swali hilo halikuwa utani. Mzee alikuwa anauliza ni nani hasa anayemwingiza nyumbani kwake, na nilijua Muyunda, pale kwenye ngazi ya lori, analisubiri jibu kuliko wote.

"Baba," nikasema, "hata mimi leo nimemchukia. Alinitoa machozi. Lakini siwezi kumwacha, naishi naye. Akiona kitu si sawa atakataa tu, hata kama ni changu, hata kama ni chenu, hata kama usiku analia. Kwa hiyo mkinichukua mimi, mjue na yeye anakuja. Kama hamumtaki, semeni sasa hivi, kabla mjomba hajawazoea hao ng'ombe."

Nilinyanyua macho, ingawa haikuruhusiwa. Muyunda alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamchuruzika waziwazi mbele ya foleni nzima ya malori, na ule mwanya wake ulikuwa nje.

"Nawataka wote wawili!" alisema kwa nguvu.

"Wewe dereva!" mjomba Oteng akamkemea. "Nani kakuuliza?"